Runx Z yenye inteki ya hewa baridi, filta iko chini kwenye fenda: masika haya nipite vipi kwenye maji?

RunxZ_Tegeta

Wakuu, habari za majukumu.

Gari ni Toyota Runx Z, injini 2ZZ-GE, gia sita za mkono. Lina inteki (njia ya injini kuvuta hewa) ya hewa baridi ya kufungwa, si ya kiwandani: bomba la alumini la milimita 76 linaloshuka kutoka throto bodi (mlango wa hewa wa injini), linapita pembeni ya betri na kuishia nyuma ya bampa, mbele ya tairi la kushoto. Filta ni ya koni, ya pamba inayopakwa oili. Nimepima kwa tepu: ncha ya chini kabisa ya filta iko sentimita 27 kutoka ardhini, tairi ni 195/60 R15, springi ni zile zile za kiwandani. Plastiki ya ndani ya fenda upande huo ilikatwa wakati wa kufunga bomba, kwa hiyo ukichungulia kwenye tairi unaiona filta.

Njia yangu ni Bagamoyo Road kwenda mjini, na kuna siku lazima nipitie Msasani, Bonde la Mpunga. Wenye kuijua Dar wanajua pale mvua ikinyesha panakuwaje.

Naomba msaada kwa haya. Mvua kubwa peke yake, bila kuingia kwenye dimbwi, inaweza kuua injini? Maji yakiwa na kina gani nisipite kabisa? Ile valvu ya kupitisha hewa filta ikizama inafaa? Na kingine, mvua ikiwa nzito gari huwa zito kuitika, taa ya cheki injini inawaka na mashine ya kupima inasoma msimbo wa hitilafu P0101, kisha barabara ikikauka linarudi sawa. Hiyo ni filta au kuna kingine?

Puli_ya_Krenki

Mkuu, kwanza tenganisha mvua na maji yaliyotuama, maana watu huchanganya hivi viwili na kuogopa kisichohusika.

Mvua inayoanguka na rasharasha za tairi haziui injini. Matone yanayopenya kwenye filta huwa mvuke ndani ya silinda na kutoka na moshi. Kuna injini za mashindano ambazo hupuliziwa maji kwa makusudi ili kupoza mwako. Kinachoua ni maji ya kumwagika, yaani filta imezama na injini inavuta maji badala ya hewa.

Sababu ni hii. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. 2ZZ-GE ina cc 1796, kila silinda ni cc 449, na uwiano wa mbano ni 11.5 kwa 1. Gawanya 449 kwa 10.5, unapata nafasi inayobaki juu ya pistoni inapofika mwisho: cc 43 hivi. Hivyo ni vijiko vitatu vya chakula. Yakiingia maji zaidi ya hapo kwenye silinda moja na valvu zikafunga, pistoni haina pa kwenda, na kitu cha kwanza kupinda ni konrodi, ule mkono unaounga pistoni na krenki. Wala si lazima zifike cc 43. Ziingie 25 tu, nafasi inabaki cc 18 na mbano unafika 26 kwa 1, kwenye injini ya petroli iliyotengenezwa kwa 11.5. Konrodi inaweza kupinda kidogo, gari likaendelea kutembea, halafu baada ya siku au wiki ikakatika na kutoboa bloku. Ndiyo maana mtu husema "gari lilipita maji salama, limekuja kunoki lenyewe tu". Halikunoki lenyewe.

Sasa kina. Tairi yako ya 195/60 ina ukuta wa milimita 117, kwa hiyo ukingo wa chini wa rimu uko kama sentimita 11 na nusu kutoka barabarani, na kati ya rimu ni karibu sentimita 30. Filta yako iko 27. Ina maana maji yakifika katikati ya rimu, filta imeshaanza kuzama hata gari likiwa limesimama. Na gari halisimami. Ukitembea unasukuma wimbi mbele ya bampa, na filta iko hapo hapo nyuma ya bampa. Ongeza na mashimo: tairi la mbele likitumbukia kwenye shimo la sentimita 10 usiloliona, pua ya gari inashuka karibu kiasi hicho hicho.

Kwa vipimo vyako mimi naweka mwisho sentimita 15. Angalia gari lililo mbele yako lenye rimu za inchi 15: maji yakigusa rimu na kupanda vidole viwili, hapo ndipo mwisho wako. Yakizidi, geuza. Kupitia Mwenge ukachelewa saa nzima ni nafuu kuliko injini.

mkanyagaji_254

Niaje wakuu. Ya kwanza, usipite maji ukiwa na RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) za chini. Gia ya kwanza, kanyaga mafuta ishike 4000 au zaidi, moshi usukume maji yasiingie kwa ekzosi. Ya pili, toboa tundu la milimita 6 pale bomba linapopinda chini kabisa, maji yakiingia yatadondokea hapo kabla hayajapanda. Ni kazi ya drili, dakika tano.

Bi_Spana

Kaka yangu mkanyagaji, ushauri huo umezoeleka sana na naomba nieleze kwa nini gari la mwenye mada likiufuata litaharibika.

Nianze na ekzosi. Maji ya kina cha sentimita 30 juu ya mdomo wa ekzosi yanasukuma kwa kilopaskali 3 tu. Injini inayounguruma bila kukanyagwa mafuta inazishinda bila shida. Tatizo la ekzosi huja injini ikizima, si RPM zikiwa chini. Kinachotakiwa ni isizime.

Upande wa kuvuta hewa ndiko mambo yalipo. Injini ya lita 1.8 kwenye RPM 3000 na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho inavuta karibu lita 45 za hewa kwa sekunde. Kwenye bomba la milimita 76 hewa hiyo inakimbia mita 10 hivi kwa sekunde. Tone kubwa kabisa la mvua huanguka kwa mita 9 kwa sekunde. Kwa maneno mengine, kwenye bomba lako linalopanda juu, hewa hiyo ina nguvu ya kubeba hata tone kubwa na kulipeleka throto bodi. Shuka RPM 1500 na mguu mwepesi, mvuto unakuwa lita 9 hivi kwa sekunde, hewa inapanda kwa mita 2, na matone makubwa yanarudi chini yenyewe. Kwa RPM 4000 kwenye maji unaongeza kile kile unachokikimbia.

Na filta ikizama yote, hakuna hewa tena. Injini inavuta bomba tupu na maji yanapanda. Kila kilopaskali 1 ya mvuto inapandisha maji sentimita 10. Kutoka kwenye filta hadi throto bodi ya Runx ni sentimita 50 au 60, hivyo kilopaskali 5 hadi 6 zinatosha, na injini iliyonyimwa hewa inazifikia mara moja.

Tundu la milimita 6 nalo, tafadhali msitoboe. Kama bomba limezama, tundu limezama pia na linakuwa mlango wa pili wa maji. Siku za jua linavuta vumbi lisilochujwa moja kwa moja kwenye silinda. Na fundi akikosea akalitoboa baada ya sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia), inaingia hewa ambayo kompyuta haijaihesabu, mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha na injini inaunguruma ikiyumba.

Ikibidi kupita maji ambayo yako chini ya kipimo alichokupa Puli: simama kabla, acha gari la mbele limalize kutoka, ingia gia namba moja, klachi imeachiwa yote, mwendo wa mtu anayetembea haraka, RPM 1200 hadi 1500. Usibadilishe gia katikati, usikanyage klachi, usisimame. Mwendo huo huo mmoja unafanya wimbi liwe dogo na liwe mbele kidogo ya bampa. Zima AC kabla ya kuingia, feni ya rejeta ikiwaka ndani ya maji inayarusha kila upande wa boneti.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalihesabu: wimbi la mwenzako. Unaweza kuwa kwenye maji ya sentimita 12 salama kabisa, Fuso au basi likaja upande wa pili kwa mwendo, wimbi lake likapanda bampa lako lote. Ukiona gari kubwa linakuja, usiingie, subiri lipite na maji yatulie. Ukiwa umeshaingia na huna namna, toa mguu kwenye mafuta wimbi linapofika, gari litembee kwa RPM zake za chini kabisa, na ujiandae kuzima swichi ukisikia injini inakaba.

RunxZ_Tegeta

Bi Spana na Puli, shukrani sana, nimeelewa habari ya RPM. Nimecheki tena, bomba ni vipande viwili vilivyoungwa kwa hosi ya silikoni karibu na betri, na MAF iko kwenye kipande cha juu. Je, nifunge ile valvu au nitoe kipande cha chini?

Puli_ya_Krenki

Toa kipande cha chini. Kwa gari lako na njia yako, hilo ndilo jibu langu bila kusitasita.

Kazi ni ndogo. Gari likiwa limepoa, legeza klipu mbili za hosi ya silikoni kwa bisibisi bapa au soketi ya 8, fungua boliti ya breketi inayoshika bomba la chini, livute litoke na filta yake kupitia kwenye fenda. Filta ivishe moja kwa moja kwenye kipande cha juu. Hakikisha mdomo wake ni milimita 76 ile ile. Usibane filta kubwa kwa kukaza klipu kupita kiasi, itapumua pembeni. Kati ya filta na MAF ibaki angalau sentimita 10 za bomba lililonyooka, hewa ikifika kwenye waya wa sensa ikiwa inazunguka-zunguka, vipimo vinakuwa vya uongo. Tengeneza breketi ya kushikilia filta isining'inie, maana uzito wake ukitikisika unapasua hosi. Mdomo wa bomba la chini lililobaki nje uzibe kwa kitambaa uliweke stoo hadi Juni.

Utapoteza nini? Hewa ya ndani ya boneti ni ya moto zaidi. Kila nyuzi 10 za joto zinapunguza uzito wa hewa kwa asilimia 3 hivi. Kwenye foleni tofauti inaweza kufika nyuzi 20, basi ni asilimia 6, na kwenye foleni huna pa kuitumia hiyo nguvu. Gari likishika mwendo tofauti inapungua. Kama bado una boksi la kiwandani ni bora zaidi kurudisha lenyewe: linavuta hewa juu, na kwa chini lina tundu la kutolea maji. Kagua tundu hilo, mara nyingi limejaa majani na tope.

Ile valvu. Kampuni ya AEM wana ya kwao na inafanya kazi kwa namna hii: ni kipande cha kuunga katikati ya bomba chenye milango midogo ya mpira iliyozungukwa na sponji, filta ikizama, mvuto wa ndani unapanda, milango inafunguka na injini inavuta hewa ya pale juu badala ya maji. Wazo ni zuri, lakini lina masharti. Haifungwi kwenye injini ya turbo. Lazima ikae kati ya filta na MAF, na juu iwezekanavyo, kwa sababu mvuto ule ule unaofungua milango ndio unaopandisha maji kwenye bomba, kwa hiyo unahitaji kimo cha kutosha kati yake na filta. Maji yakiifikia yenyewe, haina msaada. Na sponji yake ikijaa vumbi la kiangazi au mpira ukikauka, huwezi kujua mpaka siku unayoihitaji. Kwa anayeishi sehemu yenye dimbwi moja la bahati mbaya kwa mwaka, sawa. Kwa masika ya Dar mimi siikabidhi injini.

Zile soksi za kuvisha filta, za kitambaa kisichoshika maji, zina kazi: zinazuia rasharasha na tope. Hazizuii kuzama. Kuna watu hufunga mfuko wa nailoni kwenye filta mvua ikianza. Usifanye, utavutwa ukabane filta na gari likose pumzi, au upasuke na vipande viende ndani.

gereji_ya_uani

Naongezea kwenye ile plastiki ya fenda iliyokatwa, maana hata ukitoa bomba la chini haifai kubaki wazi. Nyuma yake kuna waya za taa, na plastiki yenyewe huzuia maji kupanda kwenye boneti.

Ukipata plastiki nyingine ya mtumba ni vizuri. Usipopata, kata ubavu wa dumu la lita 20, lile gumu la njano, au bati la alumini la milimita 1.5. Chukua kwanza kiolezo kwa boksi la karatasi, kisha kata. Liwe limepandana na plastiki iliyobaki kwa sentimita 5, lile la mbele likiwa juu ili maji yanayorushwa na tairi yateleze na yasipenye kwenye muungo. Shika kwa vibanio vya plastiki vya fenda au skrubu zenye washa pana. Kabla hujamaliza, kata usukani hadi mwisho kushoto na kulia, tairi lisiguse. Ukirudisha bomba refu baada ya masika, acha sentimita 3 kati ya ngao na filta pande zote, ngao ikibana filta inanyima hewa.

Sensa_Kavu

Hakuna aliyejibu P0101, nijibu mimi.

Sensa ya MAF ya Toyota hiyo ina waya mwembamba unaopashwa moto, na kompyuta inapima hewa kwa umeme unaohitajika kuuweka kwenye joto lake. Tone la maji likigusa waya, waya unapoa ghafla, umeme unapanda, kompyuta inadhani hewa imekuwa nyingi na inaongeza petroli. Gari linakuwa zito, pengine moshi mweusi kidogo. Ukishakauka mambo yanarudi. Kwa hiyo dalili zako zinaelekea kwenye rasharasha zinazopita kwenye filta iliyoachwa wazi, sawa na walivyosema wenzangu. Usiipuuze: matone yakifika MAF, ujue filta imeshalowa hadi ndani.

Lakini kuna mwenzake, oili ya filta. Ikipakwa nyingi, inavutwa na kuganda kwenye waya pamoja na vumbi. Waya uliochafuka huwa unasoma hewa pungufu, na hapo utaona P0171 (mchanganyiko una petroli pungufu) hata siku za jua. Ndiyo maana usafishe kwanza kabla ya kulaumu mvua.

Zima gari, chomoa soketi ya MAF, fungua skrubu mbili za nyota, itoe taratibu. Tumia dawa ya kupuliza iliyoandikwa kuwa ni ya MAF. Ya kusafishia kabureta au breki inaacha mabaki na inakula plastiki. Puliza mara 10 hadi 15 kwenye waya na kwenye kile kidude kidogo cha kupima joto la hewa, usiguse kwa pamba wala brashi, waya ule unakatika kwa kuguswa. Iache ikauke dakika 15, usiipulize kwa kompresa. Kagua soketi: pini zikiwa na ukungu wa kijani, maji yanaingia huko pia, na mpira wake wa kuzuia maji umekufa.

Ukishafunga, tazama namba kwenye mashine: injini ikiwa ya moto, AC imezimwa, gia huru, MAF isome kati ya gramu 2 na 4 kwa sekunde na itulie. Joto la hewa, gari likiwa limelala usiku kucha, lilingane na joto la nje. Likisoma nyuzi 40 chini ya sifuri, waya wa sensa umekatika mahali.

Filta yenyewe ikiloa: itikise, ilaze kivulini mdomo ukiangalia chini, ikauke yenyewe. Jua kali na kompresa vinaharibu pamba. Usipake oili kabla haijakauka kabisa, na ukipaka iwe mstari mmoja mwembamba kwenye kila kunjo, subiri dakika 20, ongeza pale tu palipobaki peupe.

RunxZ_Tegeta

Nimeshukuru. Limebaki moja, ambalo naomba nisilihitaji: likizima ndani ya maji?

Bi_Spana

Hapa naomba asome kila mwenye gari, hata asiye na inteki ya kufungwa.

Likizima ndani ya maji, usipige stata. Hata mara moja. Injini ikizima kwenye RPM za chini, mara nyingi konrodi bado ni nzima. Anayeipinda ni dereva anapojaribu tena. Ukiwa umekaa kwenye kiti huwezi kujua kama imezima kwa MAF kulowa au imekunywa maji, basi ichukulie kuwa imekunywa. Zima swichi, weka gia huru, lisukumwe hadi pakavu.

Kwenye sehemu zinazojaa maji kuna vijana wanaosaidia kusukuma magari kwa malipo. Waambie mapema: tunasukuma kutoa, hatusukumi liwake. Gari la gia za mkono likisukumwa huku gia ya pili imeingizwa, uzito wote wa gari unazungusha injini kwa kupitia matairi, na hiyo ni nguvu kubwa kuliko stata. Hata likivutwa kwa kamba, libaki gia huru.

Pakavu, toa waya hasi wa betri, spana ya 10. Fungua bomba la inteki kwenye throto bodi, pitisha kitambaa cheupe ndani. Bomba likiwa kavu hadi juu na filta imelowa upande wa chini tu, una bahati. Ukikuta maji au mchanga baada ya MAF, usidanganyike na chochote, fungua plagi.

Chomoa kijiti cha oili uangalie. Kiwango kimepanda au oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameshashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), wala usizungushe injini kabla hujaimwaga.

Kutoa plagi: koili nne, kila moja boliti ya 10, kisha soketi ya plagi ya 16. Puliza mashimo kabla hujalegeza plagi, mchanga usidumbukie. Zipange kwa namba za silinda. Iliyo na maji ndiyo ya kuchunguza zaidi. Plagi zote zikiwa nje, weka soketi kwenye boliti ya puli ya krenki na uzungushe kwa mkono, upande wa saa, mizunguko miwili kamili. Izunguke laini. Ikigoma mahali usilazimishe, kuna kitu kimepinda. (Wenye Honda za zamani za B na D: hizo huzunguka kinyume cha saa.)

Ikizunguka, chomoa soketi za injekta zote, rudisha betri, piga stata sekunde 5 huku plagi ziko nje. Maji yatatoka kwa nguvu kwenye mashimo, simama pembeni na usiinamie boneti. Pumzika, rudia hadi yatoke makavu. Mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini kwenye kila silinda, zungusha tena kwa mkono, ili kuta zisipate kutu kama kazi itaendelea kesho.

Kabla ya kurudisha plagi, pima konrodi. Chukua kijiti kirefu cha mbao, cha mishikaki kinatosha, usitumie chuma. Kishushe kwenye shimo la silinda ya 1 kiguse kichwa cha pistoni, mwenzako azungushe krenki taratibu hadi kijiti kifike juu kabisa, weka alama kwa kalamu. Pistoni ya 1 na ya 4 hupanda pamoja, ya 2 na ya 3 pamoja. Pima zote nne, kijiti kikiwa kimesimama kwa namna ile ile. Moja ikiwa fupi kwa milimita moja au zaidi, konrodi yake imepinda na injini inafunguliwa, hakuna mjadala. Zikilingana, pima kompresheni: tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilopaskali 100.

gereji_ya_uani

Bi Spana amemaliza, niongeze la oili. 2ZZ inachukua lita 4.4 pamoja na filta ya oili. Kama maji yaliingia, mwaga, weka oili ya bei ya kawaida na filta mpya, iwashe iungurume dakika 10 bila kuikanyaga, mwaga tena ikiwa bado ya moto ndipo uweke oili yako nzuri. Usiifikishe kwenye RPM 6000 ambako kemu kubwa (ile inayofungua valvu zaidi) inaingia mpaka umalize mzunguko huo wa pili.

Plagi zikirudi, zianze kwa mkono, kisha kaza kwa spana ya kipimo, Nm 18 hadi 25. Kichwa cha silinda ni alumini, uzi wake haurudi ukishachanika. Na giaboksi ina mdomo wake wa kupumulia kwa juu. Gari lililokaa ndani ya maji kwa muda, legeza boliti ya chini ya giaboksi kidogo: maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia kutoka.

RunxZ_Tegeta

Kipande cha chini natoa Jumamosi, na plastiki ya fenda nimeshachukua kiolezo. Bi Spana, kwenye kupima kwa kijiti, VVT (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu) au kemu kubwa haiwezi kunipa vipimo vya uongo?

Bi_Spana

Hapana kaka. Kemu zinahusika na valvu tu. Unachopima ni pistoni, konrodi na krenki. Ila kwenye kompresheni kanyaga mafuta hadi mwisho wakati stata inazunguka, throto iwe wazi, na plagi zote ziwe nje. Ukisahau hilo silinda zote zitasoma chini na utafungua injini nzima bure.